Laptopu Kuukuu na i7 ya Fundi

SEHEMU YA 1

Najua nilipotea. Wengine mlinitumia ujumbe mkidhani naumwa, nashukuru sana. Mimi mzima. Aliyekuwa taabani ni laptopu yangu, na ilibaki kidogo iondoke na masomo yangu.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwamba najiendeleza. Nina diploma ya uuguzi, miaka kumi na moja wodini, sasa natafuta digrii. Vipindi vyetu vingi ni vya mtandaoni, jioni na Jumamosi. Kwa hiyo ile laptopu si ya kuangalizia tamthilia. Ndiyo darasa lenyewe.

Ni Dell Latitude E6430, toleo la 2012. Niliinunua mwaka 2020 ikiwa imetumika, kwa 350,000, nikaambiwa imetoka Ulaya. Nzito kama tofali. Ukipanda nayo daladala ukiwa umesimama, bega linakukumbusha. Lakini imenivusha mengi, na hadidiski yake ya zamani nilishaitoa nikaweka SSD mwaka juzi, ikawa inawaka fasta kabisa. Sikuwa na ugomvi nayo.

Shida ilianza kama wiki saba zilizopita. Si taratibu, yaani ghafla tu ikawa nzito. Unaiwasha, unakwenda kuchemsha chai, unarudi bado inahangaika. Ukiwa Zoom sauti ya mwalimu inakatikakatika kama redio ya betri zilizoisha. Ukithubutu kufungua Word pembeni, umekwisha. Mwanzoni nililaumu mtandao. Nikanunua bando kubwa. Wapi! Nikazima na kuwasha, nikafuta picha, nikafuta programu nisizozijua (na moja niliyoijua, kwa bahati mbaya). Wapi.

Halafu ikaja Jumamosi ya jaribio la famakolojia. Maswali 40, dakika 60, muda unahesabika wenyewe, na kamera ya Zoom lazima iwe wazi ili msimamizi akuone. Famakolojia ndiyo somo nililojiandaa kuliko yote. Swali la 23 kioo kikaganda. Nikabonyeza, kimya. Feni inalia kama inataka kupaa. Kilipofunguka zilikuwa zimepita dakika 14. Nikajibu mbio mbio, kikaganda tena kwenye la 31, na muda ukaishia hapo hapo.

Nimepata marudio. Kwa utaratibu wetu marudio ni mara moja tu. Ukianguka tena unarudia somo zima mwakani na unalilipia upya. Mwakani mwanangu anaanza darasa la kwanza. Hesabu mnaijua.

Jumatatu yake, nikitoka shifti ya asubuhi, nikaibeba kwa fundi.

Fundi mwenyewe kijana mstaarabu, ofisi yake safi, nilielekezwa na mtu ninayemheshimu. Akaiwasha, akaisubiri, akatikisa kichwa.

"Sista, mashine nzuri hii. Ila prosesa imechoka. Hii ni i5 ya zamani, na programu za siku hizi ni nzito. Tukuwekee i7."

"Inawezekana kubadilisha?"

"Hizi za zamani zinawezekana. Mpya ndiyo haziwezekani. Na betri nayo imekufa, haishiki chaji kabisa, umeona?"

Nilikuwa nimeona. Wiki kadhaa ukichomoa waya inazimika pale pale.

Prosesa 130,000, ufundi 30,000, betri 60,000. Jumla 220,000. Prosesa anaagiza Dar, inakuja na basi la Ijumaa, kwa hiyo nimpe jibu mwisho Alhamisi. Marudio yamebakiza wiki tatu.

Nikamwambia nitampa jibu. Nikaondoka na tofali langu begani.

SEHEMU YA 2

Laki mbili na ishirini sikuwa nayo. Ila Jumatano ni siku ya kikoba chetu, na zamu yangu ya kukopa ilikuwa imefika. Dada mweka hazina hakuuliza hata ni ya nini. Miezi mitatu, riba asilimia kumi. Nikarudi nyumbani nayo imekunjwa ndani ya daftari.

Sasa kabla sijaondoka kwa fundi nilikuwa nimemwomba kitu kimoja: aniandikie kwenye karatasi jina kamili la hiyo prosesa. Hiyo ni tabia ya kazi tu. Mtu akiniambia "mpe ile sindano ya maumivu" siendi kuchukua kitu, nataka jina na kipimo. Akaniandikia: i7-3520M. Na yangu nikaisoma kwenye Windows: i5-3320M.

Usiku nikalala na simu nikizitafuta zote mbili. Jamani, nililolikuta lilinifanya nikae kitako kitandani.

Nitaeleza kwa lugha ya wodini ili tuende pamoja. Ndani ya prosesa kuna viini, hao ndio wafanyakazi. Kila kiini ni kama muuguzi mmoja kwenye zamu. GHz ni kasi yake ya kutembea. Halafu kuna kumbukumbu ndogo ya karibu, wanaiita kashe, hiyo ichukulie kama trei ya dawa: ikiwa kubwa huendi stoo mara kwa mara.

i5 yangu ina viini viwili, kasi ya kawaida 2.6 GHz, ikisukumwa inafika 3.3, na kashe ya MB 3. Hiyo i7 ya laki na thelathini ina viini... viwili. Viwili vile vile! Kasi 2.9, ikisukumwa 3.6, kashe MB 4. Umeme wanaotumia ni ule ule, wati 35.

Yaani nilikuwa nakwenda kuwatoa wauguzi wawili niwaweke wawili wengine wanaotembea haraka kidogo. Nikapiga hesabu ya kasi, ni nyongeza ya kama asilimia kumi. Na mimi laptopu yangu haikuwa imepungua kwa asilimia kumi. Ilikuwa imepooza.

Mimi siku zote nilidhani i7 maana yake ni kubwa kuliko i5 kama laki mbili ilivyo kubwa kuliko laki moja. Kumbe lile neno peke yake halisemi kitu. Kwa laptopu za miaka ile unatakiwa uangalie herufi za mwisho. M ni ya laptopu ya kawaida, na i7 yenye M kwa kizazi kile ni viini viwili. QM ndiyo yenye viini vinne. Ipo i7-3632QM, viini vinne, kashe MB 6, na bado inatumia wati 35 zile zile. Hapo ni wauguzi wanne zamu moja, hata mimi ningetoa pesa.

Asubuhi nikampigia fundi.

"Kaka, hii i7 uliyoniandikia mbona viini viwili? Siwezi kupata QM?"

Kimya kidogo. "Sista umesoma eeh." Akacheka. "QM zipo ila adimu. Hiyo ni laki mbili na nusu bila ufundi."

Sikumkasirikia. Hakunidanganya, i7 ni i7. Alichofanya ni kunipa nilichokuwa tayari kukiamini, na mimi nilikwenda pale nikiwa nimeshaamini kwamba mashine imezeeka.

Kwa wenye laptopu nyingine ambao tayari mnataka kuuliza: hili la kubadilisha prosesa si la kila mashine. Kwenye hii yangu prosesa imekaa kwenye soketi. Unatoa kipoza joto, unazungusha skrubu moja nusu mzunguko, inaachia. Zile nyembamba ambazo prosesa yake inaishia na U imechomelewa kwenye mazabodi, haitoki mpaka ufanyiwe upasuaji usio na faida. Na kuanzia Intel kizazi cha tano, za laptopu zote zinachomelewa. Akikuambia mtu atakubadilishia i5-8250U akuwekee i7, mkumbatie laptopu yako uondoke.

Basi, Jumatano usiku nikawa na pesa mkononi, siku moja ya kuamua, na swali ambalo lilianza kunisumbua kuliko bei: kama tatizo ni uzee, mbona lilikuja ghafla?

SEHEMU YA 3

Usiku huo huo nilikuwa naiti.

Kulikuwa na mzee mmoja (mambo mengine nimeyabadilisha, msianze kutafuta ni nani). Amelazwa siku mbili, presha haishuki. Dawa mbili anameza, tena anameza kweli, tunamwona. Kwenye faili kulikuwa na wazo la kumwongeza ya tatu asubuhi. Saa nane usiku nikamkuta macho, anasugua goti.

"Babu, goti linauma?"

"Linauma siku zote mwanangu. Ila dawa yake ninayo."

Akavuta mfuko wa nailoni chini ya mto. Ndani, vidonge vya diklofenaki, anavinunua duka la dawa mtaani, anavimeza kila siku tangu mavuno. Hata hapo wodini alikuwa anavimeza, kimya kimya. Tulimuuliza siku ya kwanza kama anatumia dawa nyingine akasema hapana, kwa sababu kwake hiyo ni ya goti. Si "dawa nyingine".

Dawa za maumivu za kundi lile zinaufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na zinazipunguzia nguvu dawa za presha. Nikaandika kwenye faili, daktari wa zamu nikamjulisha. (Ukiwa na presha na unatumia hizi dawa za maumivu kila siku, usiache wala kubadilisha chochote mwenyewe kwa sababu ya posti yangu. Nenda na mfuko wako wote wa dawa kliniki, uumwage mezani, waambie hivi ndivyo ninavyotumia.)

Nikarudi kwenye meza ya wauguzi, nikaketi, na kwa kweli nikaona aibu. Maana mzee yule nilimuuliza historia mara ya pili. Laptopu yangu sikuiuliza hata mara ya kwanza. Nilimpelekea fundi nikasema "imekuwa nzito", naye akatibu uzito.

Nikachukua karatasi nikaandika kama vile nampokea mgonjwa. Imeanza lini? Wiki saba zilizopita. Ghafla au taratibu? Ghafla. Kabla ya hapo ilikuwaje? Nzuri. Kuna nini kilitokea wiki hiyo?

Nikakaa nikifikiri. Wiki hiyo umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, mnajua ule unaorudi na kupiga taa. Friji ya jirani iliungua. Na mimi chaja yangu iliungua.

Chaja.

Chaja yangu ya asili ilitoa harufu ikafa siku hiyo, na kesho yake nikanunua nyingine ya mtaani, 15,000, haina jina la maana, tundu linaingia sawa, taa inawaka. Na tangu siku hiyo, kila nikiwasha laptopu, kunatokea maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Kiingereza kirefu kidogo, chini kinasema bonyeza F1 kuendelea. Mimi nabonyeza F1. Nimebonyeza F1 kwa wiki saba. Asubuhi, jioni, siku ya jaribio pia nilibonyeza F1. Sikuwahi kuyasoma yale maandishi hata mara moja.

Mfuko chini ya mto ulikuwa wangu.

SEHEMU YA 4

Alhamisi asubuhi nimetoka naiti, macho mekundu, sikulala. Nikawasha laptopu nikiwa nimesimama, na safari hii sikubonyeza kitu. Nikasoma.

Ilikuwa inaniambia, kwa ufupi, kwamba haiwezi kuitambua chaja iliyochomekwa, ni ya aina gani na ina wati ngapi. Kwamba betri huenda isichajiwe. Na kwamba mashine itapunguza utendaji wake ilingane na umeme ulioko.

Soma tena hizo mbili za mwisho. Betri haitachajiwa. Kasi itapunguzwa. Magonjwa yangu yote mawili, ya 130,000 na ya 60,000, yameandikwa kwenye kioo kila siku kwa wiki saba.

Inafanyaje kazi hiyo? Ukiangalia plagi ya hizi chaja za Dell za duara utaona katikati kuna pini nyembamba kama sindano. Pini ile haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Inapitisha habari. Kupitia hapo chaja inajitambulisha: mimi ni wati 65, mimi ni wati 90. Chaja isiyo na hicho kitambulisho, au ambayo pini yake imepinda au waya wake umekatika kwa ndani, mashine inaipokea kama mgonjwa asiye na jina. Inawaka, ndiyo, lakini kwa tahadhari: inaogopa kuvuta umeme mwingi kutoka kwa kitu isichokijua, kwa hiyo inaishusha prosesa na inaacha kuchaji betri. Si ubovu, ni kinga. Kibaya ni kwamba mwenye mashine anaona uzito tu.

Nikataka ushahidi, si hisia. Nikafungua Task Manager (Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja), upande wa utendaji, nikabofya CPU. Kule chini kuna kasi mbili: ile ya msingi, na ile inayokwenda sasa hivi. Ya msingi 2.60 GHz. Ya sasa hivi 1.19.

Nikafungua Chrome ili ihangaike. Ikahangaika, na kasi bado 1.19. Haipandi hata kidogo. Wauguzi wangu wawili hawakuwa wamechoka wala kuzeeka. Walikuwa wamefungwa kamba miguuni.

Na fikirieni, kama ningeweka ile i7? Nayo ingefungwa kamba ile ile. Hata ile ya viini vinne. Ningelipa laki mbili na ishirini, ningebonyeza F1, na ingekuwa nzito vile vile. Betri mpya nayo isingechajiwa, ningeirudisha kwa fundi tukagombana bure.

Lakini bado sikuwa na uhakika. Ingeweza kuwa ule umeme uliopiga chaja ulipiga na tundu la laptopu. Hapo chaja nzuri isingesaidia. Nikarudi hospitali siku hiyo hiyo saa sita mchana, nikiwa na kanga na ndala, mlinzi akaniuliza kama nimekuja kuona mgonjwa. Nikaenda kwa kaka wa takwimu, ana Dell yake yenye plagi kama yangu.

"Kaka, naomba chaja yako dakika kumi."

"Sista si ulikuwa naiti? Lala basi."

"Dakika kumi tu."

Nikachomeka, nikawasha. Maandishi meupe hayakutokea. Windows ikafunguka nikiwa bado naangalia pembeni kutafuta kiti. Nikaingia tena Task Manager: 2.9, 3.0, ikashuka 2.4, ikapanda 3.1. Inapumua. Na pembeni chini alama ya betri, ile betri maiti, imeandikwa inachajiwa, asilimia 1. Nikakaa nikaiangalia ikifika 4.

Kaka wa takwimu akaniuliza kwa nini nalia. Sikuwa nalia, ni usingizi. Labda na hasira kidogo.

SEHEMU YA 5

Sasa mtadhani hapa kisa kimeisha. Hapana, maana nilikuwa bado nimeshika pesa ya kikoba, na pesa ikiwa mkononi inaongea. Nikajiuliza kwa dhati: sawa, chaja imeonekana, lakini si ni mashine ya 2012? Kwa nini nisiweke na ile QM kabisa, iwe kama mpya?

Nikaipima bila haraka. Kuna watu ambao hiyo prosesa ingewafaa kweli. Mwenzangu wa famasia anakata video za harusi wikiendi, na kazi ile inatumia viini vyote vilivyopo, ukimpa vinne badala ya viwili anaona tofauti siku hiyo hiyo. Mimi? Word, Zoom, PDF za Kiingereza kirefu, na madarasa. Nilipopata chaja nzuri nikapima wakati wa kipindi kizima cha Zoom: prosesa ilikuwa inacheza kati ya asilimia 45 na 65. Si mwepesi sana, lakini yupo. Anayefika ukomo kwangu alikuwa RAM. GB 4, na ilikuwa imejaa asilimia 90 muda wote. Ukiweka viini vinne kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, umeajiri wauguzi wanne halafu umewapa meza moja ya kufanyia kazi.

Halafu kuna lililonikatisha tamaa zaidi ya yote. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane, ukiacha chache za cha saba. Yangu ni kizazi cha tatu. Na soketi yake haipokei chochote kupita kizazi cha tatu. Kwa hiyo hata ningeweka i7 kali kuliko zote zinazoingia pale, mashine ingebaki kizazi cha tatu. Mlango wa Windows 11 haufunguki kwa prosesa hiyo. Laki mbili na nusu kwenye mashine ambayo mfumo wake umeshaachwa, wakati laptopu iliyotumika ya kizazi cha nane ndiyo ninayotakiwa kuitafuta nikimaliza shule, hapana. Pesa ile itakuwa mbegu ya hiyo.

Kilichofanyika ni hiki. Chaja ya asili iliyotumika, wati 90, nimeagiza Kariakoo kupitia dereva wa basi ninayemfahamu, 35,000. Nilimwambia muuzaji kwenye simu aichomeke kwenye Dell yoyote pale dukani, aingie BIOS kwa F2, kwenye taarifa za betri, anipigie picha panapoonyesha aina ya chaja. Alinung'unika, akapiga. Ikasomeka wati 90 ndipo nikatuma pesa. RAM nyingine ya GB 4, DDR3, 25,000, niliipachika mwenyewe. Na usafi.

Usafi ule nilirudi kwa yule yule fundi. Wengine mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu mikono yake ni mizuri, na kwa sababu nilitaka aione. Nikamwonyesha kasi ya 1.19 kwa chaja ya mtaani, nikabadilisha, nikamwonyesha 3.0. Akainama akaangalia muda mrefu.

"Sista, hii mashine iliwaka hapa kwangu, na yale maandishi yakaja." Akanyamaza. "Mimi ndiye niliyebonyeza F1."

"Hata mimi, kaka. Wiki saba."

Akafungua mfuniko, akatoa vumbi kwenye feni lililojikunja kama sufi ya mto. Pesti kati ya prosesa na kipoza joto ilikuwa imekauka ikawa unga, akapaka mpya. Joto wakati wa Zoom lilikuwa nyuzi 94, sasa linakaa 76. Alinitoza 15,000, nikamwona anataka kusema bure lakini kodi ya ofisi ikamzuia, na mimi nikailipa kwa moyo mweupe.

Jumla 75,000. Betri haijafufuka kuwa mpya, inanipa saa moja na robo, inatosha kumalizia kipindi umeme ukikatika. Ile chaja ya mtaani nimeikata waya kwa mkasi ili asiiokote mtu akadhani ana bahati. Na nimenunua soketi ya kuzuia mshtuko wa umeme, hiyo sijaihesabu, maana ni ya friji pia.

Jumatano iliyofuata nikarudisha kikoba 145,000 kabla ya wakati. Dada mweka hazina akasema hajawahi kuona mtu anarudisha pesa ndani ya wiki moja, riba ya kiasi hicho wakanisamehe, nikabaki na deni la 75,000 na riba yake.

Babu wa goti aliruhusiwa Jumatatu. Presha ilianza kushuka bila dawa ya tatu, na goti lake sasa linafuatiliwa kliniki. Mfuko wake wa nailoni aliniachia, akasema nimtunzie.

Marudio ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, maswali 40, dakika 60. Ratiba imetoka jana, na mimi nimepangwa naiti ya Ijumaa. Natafuta wa kubadilishana naye zamu. Kama uko wodi yetu na unasoma hapa, nijibu leo, nitakulipa na Krismasi.